Programu Inaanzia Kwenye Daftari: Mwongozo kwa Asiyesomea Kompyuta

Ukipita msimu wa mavuno kwenye mashine za kukamua alizeti za Kibaigwa, Mpwapwa au Kondoa, utamkuta karani ameketi kando ya mizani na daftari kubwa la jalada gumu, huku wakulima wakimzunguka kutaka kujua zamu yao itafika lini na mafuta yao yametoka madumu mangapi. Daftari lile tayari ni programu. Lina safu za jina, kijiji, idadi ya magunia, kilo na fedha. Lina kanuni ambazo hazikuandikwa popote lakini kila mtu pale anazijua. Na lina mianya ambayo mwenye mashine huigundua mwisho wa msimu, fedha zikiwa zimekwisha kupotea. Mwongozo huu, wa kutengeneza programu ndogo za biashara kwa msaada wa akili mnemba na kuziuza, umeandikwa kwa mtu wa aina yangu, yaani mtunza hesabu za maduka madogo mjini Dodoma, ambaye hakusomea kompyuta wala hawezi kuandika mstari mmoja wa msimbo, yaani maagizo yanayoiendesha kompyuta, bila msaada, lakini anaweza kufungua daftari la mwenzake na kuona linavuja wapi.

Tangu ChatGPT, programu ya akili mnemba ya kuzungumza nayo, ilipotolewa kwa umma mwezi Novemba 2022, na baadaye wenzake Claude na Gemini, kuandika msimbo kumekuwa kazi ambayo mtu anaweza kuiagiza kwa maneno ya kawaida. Zana kama Lovable, Bolt na Replit zimelisogeza jambo hilo mbele zaidi, kwa kuwa humpa mtu sehemu ya kuandikia maelezo upande mmoja wa skrini na programu inayofanya kazi upande wa pili, huku zenyewe zikishughulikia seva (kompyuta ya mbali inayoendesha programu), hifadhidata (ghala la kumbukumbu zake) na anwani ya mtandaoni. Urahisi huo ameupata kila mtu, akiwemo mshindani wako na hata mpwa wa mteja wako anayesoma Chuo Kikuu cha Dodoma. Kwa hiyo usitegemee kuuza programu peke yake, kwani hiyo itaigwa kwa siku mbili. Unachouza ni kuijua biashara ya mtu hadi kwenye kanuni zake za kienyeji, pamoja na uhakika kwamba hesabu zikikorogeka saa tatu usiku, yupo mtu wa kupigiwa simu.

Kutafuta daftari linalouma

Wanaoanza wengi hukaa mbele ya kompyuta wakitafuta wazo, na mawazo yanayokuja hapo huwa makubwa mno: programu ya usafiri kwa mji mzima, soko la mtandaoni la mazao yote, mtandao wa kijamii wa vijana. Ondoka kwenye kiti. Tembea Soko la Majengo, Sabasaba na stendi ya Nzuguni, kisha hesabu madaftari. Fundi cherehani anaandika vipimo na advansi za wateja. Mwenye nyumba za kupanga huko Ng'hong'onha anaandika wanafunzi waliolipa nusu muhula. Mweka hazina wa kikundi cha hisa anaandika michango, mikopo na faini. Mnunuzi wa zabibu kule Hombolo na Mpunguzi anaandika kreti na kilo za kila mkulima ambaye atalipwa baadaye. Kila daftari kati ya haya lina mtu anayelipia makosa yake, na mtu huyo ndiye mteja.

Daftari zuri kwa kuanzia lina sifa tatu. Liwe linaandikwa kila siku, kwa sababu programu inayofunguliwa mara moja kwa mwezi husahaulika pamoja na nywila yake. Liwe na fedha ndani yake, kwa sababu mtu halipii unadhifu bali hulipia hasara aliyoiona. Mwisho, liwe na watu wasiozidi wawili au watatu wanaoandika ndani yake, kwa kuwa kila mwandishi anayeongezeka huleta haki za kuingia, migongano ya kumbukumbu na lawama za nani alibadilisha nini. Mimi nilichagua mashine ya alizeti kwa sababu nilikuwa tayari naandaa hesabu za mwaka za mwenye mashine mmoja, na katika daftari lake la msimu uliotangulia nilikuta madeni mengi yasiyo na namba ya simu wala kijiji cha mdaiwa, isipokuwa majina kama “Mama Neema” na “yule wa baiskeli”.

Omba ruhusa ya kukaa na karani siku nzima, si saa moja. Msalimu, msaidie kupanga magunia, usimwulize maswali mengi kwa wakati mmoja, na angalia zaidi mahali anaposita. Mimi nilijifunza mambo mengi kwenye nusu dakika ambazo karani alisita kuliko kwenye maelezo yote ya mwenye mashine. Alisita mkulima mmoja alipoleta magunia ya watu watatu. Akasita tena mwingine alipotaka kuacha mashudu kama sehemu ya malipo. Na akasita kabisa mkulima alipokuja kuchukua mafuta ya kaka yake bila kitu chochote cha kumtambulisha.

Karatasi ya kanuni

Kabla hujafungua zana yoyote, andika kwa mkono ukurasa mmoja au miwili ya kanuni za daftari hilo kwa Kiswahili chepesi, kisha msomee mwenye biashara na karani wake kwa sauti hadi wote wawili wakubali kwamba ndivyo kazi inavyofanyika. Karatasi hii ina thamani kuliko msimbo wote utakaofuata, kwa kuwa msimbo unaweza kutupwa na kuandikwa upya kutokana na karatasi, lakini karatasi haiwezi kutolewa kwenye msimbo na mtu asiyeujua. Sehemu ya karatasi yangu ilisomeka hivi:

“Mkulima akifika hupewa namba ya zamu. Karani hupima kila gunia na kuandika kilo zake. Jumla ya kilo huzidishwa kwa bei ya kukamua iliyokuwapo siku ya kupima. Mkulima anaweza kulipa fedha taslimu, kwa simu, au kwa kuacha mashudu kwa bei ya mashudu ya siku hiyo. Mafuta hayatoki kabla deni halijafika sifuri, isipokuwa mwenye mashine mwenyewe aidhinishe. Kumbukumbu haifutwi kamwe; ikikosewa, huandikwa nyingine ya kuirekebisha, yenye jina la aliyerekebisha na sababu.”

Sentensi ya mwisho nimeichukua kwenye kazi yangu ya hesabu, na ningependa kila atakayefuata mwongozo huu aiibe. Mtunza hesabu hafuti kwa kifutio. Huandika ingizo la kurekebisha. Usipoitaja kanuni hiyo, akili mnemba itakuwekea kitufe cha kufuta kwenye kila mstari, na siku fedha zitakapopungua hutajua kama zimepotea kwa bahati mbaya au kwa kidole cha mtu.

Karatasi ikikubaliwa, ibandike yote kwenye zana na uagize jambo moja tu kwanza: ieleze ilivyoelewa, itaje mahali palipo na utata, na isiandike msimbo bado. Kiswahili kinaeleweka vizuri na zana kubwa, lakini kuna maneno yanayoteleza. Gunia si kipimo mpaka useme ni kilo ngapi au useme kwamba kila moja hupimwa. Dumu linaweza kuwa la lita 5 au la lita 20. Saa ndiyo hatari kuliko vyote: ukiandika “kazi huanza saa mbili na kufungwa saa nne”, unaweza kupata programu inayofungua saa nane usiku na kufunga alfajiri, kwa kuwa zana imesoma tarakimu na si jua letu. Andika muda wa ndani kwa mtindo wa saa 24, yaani 08:00 na 22:00, kisha agiza kwamba kwenye skrini uonekane kwa Kiswahili.

Kujenga kidogo kidogo

Kwa mteja wa kwanza kabisa, fikiria kama unahitaji hata zana hizo kubwa. Jedwali la Google Sheets lenye fomu, au AppSheet ambayo Google iliinunua mwaka 2020 na ambayo hugeuza jedwali kuwa programu ya simu, linaweza kutosha kwa fundi cherehani mwenye wateja arobaini. Ukiona kanuni zimekuwa nyingi mno kwa jedwali, ndipo uhamie kwenye zana inayoandika msimbo. Vifurushi vya kulipia vya zana hizi huanzia kwenye dola 20 au 25 kwa mwezi, na hulipiwa kwa kadi. Asiye na kadi ya benki anaweza kutumia kadi za mtandaoni zinazotolewa na huduma za pesa kwa simu. Usilipie mwaka mzima. Lipia mwezi mmoja, jenga, kisha sitisha hadi utakapohitaji tena, ilimradi umehakikisha kwamba programu yenyewe inaendelea kufanya kazi kifurushi cha kujengea kikisitishwa.

Agiza skrini moja kwa wakati mmoja. Ya kwanza iwe ile ambayo karani ataitumia mara mia kwa siku, yaani kupokea mkulima na kupima magunia, nayo iwe na herufi kubwa na vitufe vipana vinavyobonyezeka kwa kidole chenye mafuta. Skrini ya ripoti za mwenye mashine ije mwisho, ingawa ndiyo inayopendeza zaidi kuonyesha. Kila skrini ikikamilika na kufanya kazi, hifadhi toleo lake kabla ya kuomba jambo jingine, na unganisha kazi yako na GitHub, ghala la mtandaoni la kuhifadhia msimbo, ili nakala ya msimbo ibaki mikononi mwako hata kama kampuni ya zana itapandisha bei au itafunga huduma.

Utafika mahali zana itakuambia kwa uchangamfu kwamba kosa limerekebishwa, nawe ukijaribu utalikuta palepale, au utakuta limehamia chumba cha pili. Hapo mtu huanza kubembeleza na kugomba kwa zamu. Kipimo changu ni mara tatu: ikishindikana mara ya tatu, narudi kwenye toleo la mwisho lililofanya kazi, naanza mazungumzo mapya, na naeleza tatizo upya kwa mfano halisi wenye tarakimu, yaani nilichoingiza, nilichotarajia na nilichokiona. Maelezo ya namna hiyo hutatua zaidi kuliko kusema “bado haifanyi kazi”.

Mwenye mashine aliponisikiliza nikieleza haya yote, alinitazama na kusema, “Mwanangu, daftari langu halihitaji bando.” Nikamjibu, “Ni kweli, Mzee wangu,” kwa kuwa alikuwa amesema kweli. Vijijini mtandao hukatika, na programu inayogoma mtandao ukikatika itarudishwa kabatini siku hiyo hiyo. Agiza kwamba kila kumbukumbu ihifadhiwe kwanza ndani ya simu, kisha ipelekwe kwenye seva mtandao ukirudi, na kwamba kwenye skrini ionekane alama ya zile ambazo hazijapelekwa. Kama simu zinazoandika ni mbili, kila simu iwe na herufi yake mwanzoni mwa namba ya zamu, A-14 na B-14, vinginevyo wakulima wawili watagombania namba moja mbele ya mizani.

Kujaribu, ambako ndiko kazi ilipo

Asiye mtaalamu hawezi kuukagua msimbo kwa macho, lakini anaweza kukagua matokeo, na kwa hili mtunza hesabu, karani wa ghala au mwalimu wa hisabati yuko mbele ya vijana wengi wa kompyuta. Chukua kurasa tano za daftari halisi la msimu uliopita, zikokotoe kwa kikokotoo, kisha uziingize zote kwenye programu. Jumla lazima zilingane hadi shilingi ya mwisho. Tofauti ya shilingi 50 isipuuzwe, kwa kuwa hiyo ni dalili ya kanuni iliyoeleweka vibaya na wala si bahati mbaya.

Mimi nilifanya jaribio hilo na nikaridhika mapema mno. Kosa lilijitokeza wiki ya tatu ya msimu, mwenye mashine alipopandisha bei ya kukamua kutoka shilingi 100 hadi 120 kwa kilo. Asubuhi iliyofuata, mama mmoja aliyekuwa ameleta kilo 312 na kulipa shilingi 31,200 zote, alikuja kuchukua mafuta yake na kuambiwa anadaiwa shilingi 6,240. Programu ilikuwa imehifadhi kilo bila kuhifadhi bei ya siku ile, kwa hiyo bei ilipobadilika ikakokotoa upya deni la kila mtu tangu siku ya kwanza. Kanuni ilikuwa kwenye karatasi yangu, tena kwa maneno wazi, “bei iliyokuwapo siku ya kupima”, lakini sikuwahi kuijaribu kwa kubadilisha bei. Yule mama alikuwa na kipande cha karatasi chenye mwandiko wa karani, na ndicho kilichotuokoa sote. Tangu siku hiyo, jambo la kwanza ninalolifanya kwenye programu yoyote yenye bei ni kuingiza mauzo, kubadilisha bei, na kurudi kuangalia kama yale ya zamani yametikisika.

Kuna mitego mingine ambayo nimeikuta mara nyingi kiasi cha kuiandika ukutani. Namba za simu zinazoanza na sifuri hupoteza sifuri hiyo zikisomwa kama tarakimu, hivyo agiza zihifadhiwe kama maandishi. Majina yenye kibainishi, kama Chang'ombe na Ng'hong'onha, yanaweza kuiangusha programu iliyoandikwa ovyo, nasi hapa Dodoma hatuwezi kuyakwepa. Mtandao ukiwa mzito, karani hubonyeza kitufe cha kuhifadhi mara mbili, na mkulima mmoja huandikwa mara mbili. Kidole kikiteleza, kilo 58 huwa 588. Gunia moja la alizeti halifiki kilo 200, kwa hiyo programu ikatae na iulize tena. Tena, seva nyingi huhesabu muda kwa saa za dunia, ambazo ziko nyuma ya saa za Tanzania kwa saa tatu, na hivyo mauzo yote yaliyofanyika kati ya saa sita na saa tisa usiku huingia kwenye ripoti ya siku iliyotangulia. Mashine hukesha wakati wa msimu, na karani wetu alikaribia kuitwa mwizi kwa sababu ya saa tatu hizo.

Baada ya majaribio yako, programu na daftari vitumike sambamba kwa wiki mbili. Karani atanung'unika kwa kuandika mara mbili, naye ana haki. Mimi nilimwomba mwenye mashine amwongezee posho kwa siku hizo. Kila jioni linganisha jumla. Usisahau kwamba karani anaweza kuwa na sababu zake za kutoipenda programu, kwa kuwa daftari humpa nafasi ya kumsubiri jirani, kumpunguzia mjane, na wakati mwingine kujipunguzia mwenyewe. Si kazi yako kuwa polisi. Weka sehemu ya punguzo yenye jina la aliyelitoa na sababu yake, ili huruma ibaki inawezekana lakini ionekane.

Taarifa za watu

Ukishaandika jina, kijiji, simu na deni la mtu, umebeba kitu chenye uzito kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inawataka wanaokusanya na kuchakata taarifa binafsi wajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Soma sheria hiyo kabla ya mteja wa pili, wala usikusanye usichokihitaji. Namba ya kitambulisho cha taifa, kwa mfano, haina kazi yoyote katika kukamua alizeti.

Upande wa ufundi, kuna majaribio mawili ambayo mtu yeyote anaweza kuyafanya. La kwanza, fungua akaunti mbili za wateja tofauti, ingia kwa akaunti ya pili, kisha fungua anwani za kurasa ulizozinakili ulipokuwa kwenye ya kwanza. Ukiona kitu cha mwenzake, simamisha kila jambo na uagize kwamba hifadhidata yenyewe ikatae kutoa mstari kwa asiye mwenye nao, kwa sababu kuficha vitufe kwenye skrini si ulinzi. La pili, iulize zana kama kuna ufunguo wowote wa siri, yaani nywila ambayo programu huitumia kuingia kwenye huduma nyingine, unaofika kwenye kivinjari cha mtumiaji, na iagize uhamishiwe kwenye seva. Kisha chukua msimbo huohuo uupeleke kwa akili mnemba nyingine, uiambie itafute udhaifu. Zana moja huyaona makosa ya nyingine kwa urahisi ambao hunichekesha kila mara.

Nakala rudufu zichukuliwe kila usiku na zikae mahali ambapo zana ya kujengea haiwezi kufika. Mwezi Julai 2025, mfanyabiashara Jason Lemkin wa Marekani alieleza hadharani jinsi wakala wa akili mnemba wa Replit, yaani programu inayotenda kazi yenyewe, alivyofuta hifadhidata iliyokuwa ikitumika licha ya kuagizwa asibadilishe kitu, na mkuu wa kampuni hiyo akaomba radhi. Kwa mashine ya alizeti, nakala yangu ya mwisho ni karatasi: kila Jumapili karani hupiga chapa orodha ya madeni na kuifunga kwenye faili.

Kuuza na kupanga bei

Jambo la kwanza ninalowashauri wanaoanza ni kuyaacha maduka ya programu kwa muda. Duka la Google Play hutoza dola 25 mara moja kwa kufungua akaunti ya mtengenezaji, na Apple hutoza dola 99 kila mwaka. Zaidi ya hapo, mwenye akaunti binafsi ya Google iliyofunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023 hana budi kupata watu wasiopungua 12 wa kuijaribu programu kwa siku 14 mfululizo kabla ya kuruhusiwa kuitoa kwa umma. Mwenye mashine wa Kibaigwa haingii dukani kutafuta programu. Programu inayofunguka kwenye kivinjari na kuwekwa kama alama kwenye skrini ya simu inamtosha, nawe unaweza kurekebisha kosa asubuhi bila kusubiri idhini ya mtu.

Onyesha kwa kutumia taarifa za mteja mwenyewe. Nilimpata mteja wa pili kwa kuomba kurasa kumi za daftari lake, nikaziingiza usiku, na kesho yake nikamwonyesha jumla ya madeni yake kwa kila kijiji. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akauliza bei. Hotuba kuhusu akili mnemba ingemfukuza, na nadhani ilikuwa bora kwamba sikulitaja neno hilo hata mara moja.

Bei ifuate msimu wa mteja. Kosa langu la mwanzo lilikuwa kudai malipo ya kila mwezi mwaka mzima, ilhali mashine nyingi hulala miezi kadhaa alizeti ikiisha. Mteja hulipa miezi mitatu, hukasirika mwezi wa nne, na hukukwepa wa tano. Sasa natoza malipo ya msimu, nusu kabla ya kuanza na nusu katikati, nayo hupokelewa kwa lipa namba na kutolewa risiti. Ili kupata kiasi, anza na hasara inayoonekana kwenye daftari la msimu uliopita, udai sehemu ndogo tu ya hiyo, kisha angalia kama inafidia gharama zako. Kifurushi cha dola 20 ni kama shilingi elfu hamsini kwa mwezi, kuna anwani ya mtandaoni ya kulipia kila mwaka, kuna nauli za kwenda na kurudi, na kuna saa zako za usiku. Gharama ambayo kila mtu huisahau ni ya simu: wiki ya kwanza karani atakupigia mara kumi kwa siku. Kama bei haibebi simu hizo, una hobi na si biashara.

Ukishapata wateja wawili wanaolipa, rasimisha. Sajili jina la biashara kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, kwa njia ya mtandao, chukua namba ya mlipakodi kwa TRA, mamlaka ya mapato, na uulize ofisi ya biashara ya halmashauri kuhusu leseni. Mkataba uwe ukurasa mmoja kwa Kiswahili, nao useme mambo manne bila kuzunguka: taarifa ni mali ya mteja; msimbo ni wako; programu ikisimama utaitikia ndani ya muda gani; na mkiachana, utamkabidhi taarifa zake zote katika jedwali analoweza kulifungua mwenyewe. Kipengele hicho cha mwisho huwashangaza wateja, lakini ndicho kinachowafanya watie saini.

Usikubali kila ombi la nyongeza. Mteja wa kwanza aliniomba programu ipange pia mishahara ya vibarua, ihesabu dizeli ya jenereta na itume ujumbe kwa kila mkulima zamu yake inapokaribia. Nilikubali ujumbe peke yake, tena mfupi, kwa kuwa wakulima wengi wana simu za kiswaswadu na kila ujumbe una gharama. Mengine niliyaandika kwenye karatasi ya msimu ujao. Programu yenye skrini tatu inayoeleweka na karani mpya kwa nusu saa huuzika kwa mashine ya jirani bila kubadilishwa sana, na hapo ndipo faida inapoanza, kwa sababu kazi ya mteja wa tatu huwa ndogo sana ikilinganishwa na ile ya mteja wa kwanza.

Msimu ukiisha, fanya mambo matatu kabla mashine hazijafunikwa maturubai. Toa ripoti ya mwisho na uisome pamoja na mwenye mashine na karani wake, wote wawili wakiwepo. Funga kumbukumbu za msimu huo zisiweze kuandikwa tena. Kisha muulize karani, mkiwa peke yenu, ni mara ngapi alirudi kuandika kwenye daftari la zamani na kwa sababu gani, uyaandike majibu yake yote kama alivyoyasema, kwa kuwa hiyo ndiyo karatasi ya kanuni utakayoibeba mwezi Aprili ukirudi.